Raketi ya Doto

Kila kitu tulinunuliwa jozi:
magauni ya kitambaa kimoja, viatu namba moja,
na siku shangazi aliposhuka na treni ya Dar
alishuka na raketi mbili nyeusi,
nzito, vichwa vidogo kama vikaango vya yai moja.
Ya Kulwa. Ya Doto.
Hakuna aliyeuliza nani anapigaje.

Kulwa anapiga kama anayepura mpunga:
mkono unatoka mbali, nyuma ya bega,
mpira unalia,
na sisi wa ng'ambo ya wavu tunaokota.
Ile raketi kama ilizaliwa naye.
Mimi yangu nilikuwa naibeba tu,
miaka kumi na moja,
kiwiko kikiniuma usiku kama jino,
nikisema kosa ni la mkono.

Alhamisi nikaenda Kanyenye, kwa Fundi Mhoja,
anayenyoosha ringi za baiskeli asubuhi
na jioni anafunga nyuzi za raketi
kwa mashine aliyoiunda mwenyewe,
jeki ya gari na mzani wa kuning'iniza ndoo za asali.
"Kaza," nikamwambia. "Kaza kama za Kulwa."
Hakuigusa. Akauliza:
"Ukishindwa, unashindwaje?"

Sijawahi kuulizwa hivyo.
Nashindwa kwa kuchelewa, nikasema.
Mpira umeshafika, mimi bado nainua mzigo.
"Na pointi unazipataje?"
Hapo niliona haya. Pointi zangu ni za wizi:
naurudisha, naurudisha, naurudisha,
hadi mwenzangu achoke na akili,
ndipo naudondosha pale, nyuma tu ya wavu,
kama mtu anayemweka kifaranga chini.

Akatuma mtoto kwa sonara kuazima mizani.
Yangu: gramu mia tatu arobaini.
Akashusha nyingine toka msumarini, katikati ya matairi,
ya mtumba, njano iliyobabuka, kichwa kipana:
mia mbili sabini.
Nikacheka. Mimi napima tumbaku chama cha ushirika;
gramu sabini kwetu ni umande,
mkulima hazigombei.
"Wewe huzigombei," akasema, "kiwiko kinazigombea."

Nikaijaribu Ijumaa kwenye uwanja wa reli,
ule tuliousiliba kwa udongo wa kichuguu.
Nyepesi mno. Mpira wa kwanza wa Kulwa
uliipindua kiganjani kama ukurasa.
Wa pili ukavuka uzio, ukavuka na reli.
Nikairudisha kwa Fundi nimenuna:
basi, nimezaliwa kubeba.

Hakubishana. Akachukua kipande cha risasi,
kile cha kusawazishia gurudumu la gari,
akakipondaponda kikawa chembamba,
akakifungia chini ya mpini kwa mpira wa tyubu.
Akaning'iniza raketi kidoleni, ikayumba, ikatulia.
Akaongeza kidogo. Nyuzi akazikaza nusu kilo zaidi.
Kisha akaniambia nishike,
akapitisha kidole chake kidogo
kati ya ncha za vidole vyangu na kiganja.
Kilipita bila kusukumwa.
"Elfu nane," akasema. "Risasi sikudai."

Jumamosi nilifungwa. Sita nne, saba tano.
Lakini mpira ulipokuja nilikuwa nimeshafika,
nikimngoja, na kuna mchezo mmoja,
nadhani wa tatu, seti ya pili,
vifaranga vitatu nilivitua chini mfululizo
na Kulwa akapiga magoti kwenye vumbi jekundu
akitukana kwa Kinyamwezi.

Baadaye, kwenye kivuli cha behewa bovu,
aliniomba aishike.
Akaipunga hewani mara mbili, mkono wake mrefu,
akakunja uso kama aliyevaa kiatu cha mtu.
Akanirudishia.
"Hii si yangu," akasema,
neno ambalo nyumbani kwetu
halikuwahi kusemwa.